Anayenukuliwa na Anayesimuliwa

Mhadhara uliotolewa Zongwe, Kalemie, Congo, kuhusu mwanamke katika habari za mtandaoni

Nimeombwa niseme juu ya sura ya mwanamke katika habari za mtandaoni. Hesabu zipo, na nitazifikia. Lakini ninaanza na kosa langu mwenyewe, kwa kuwa ndilo lililonifundisha.

Ilikuwa wakati wa vita vya Watwa na Waluba, vile vilivyowaka upya mwaka 2016 vikawamwaga watu pembeni mwa mji wa Kalemie, wakalala chini ya turubai na majani. Nilikuwa ninaandikia tovuti moja ya habari; jina lake tuliache. Kati ya wale wadeplase, kama tunavyowaita, nilimkuta mama mmoja akipepeta unga. Alizungumza nami karibu saa nzima bila kuacha kupepeta. Alijua ni njia zipi walizopita usiku na kwa nini waliikwepa barabara kubwa. Alijua bei ya kopo la unga kabla ya vita na baada yake. Alinieleza ugomvi wa ushuru wa viwavi, nani alitoza na nani alikataa kulipa, akanieleza pia kwa nini mkutano wa amani uliofanywa na wazee peke yao hautashika, maana wenye mishale ni vijana na hakuna aliyewaita.

Nikarudi mjini nikaandika. Afisa niliyemkuta ofisini alipata aya tatu, maneno yake yakiwa ndani ya alama za kunukuu. Yule mama alipata sentensi moja: mwanamke aliyekimbia vita, mama wa watoto saba, ambaye bado ana majonzi. Picha aliichagua mtu aliyekaa mji mwingine kabisa, mwanamke mwenye mtoto mgongoni na bidoni kichwani, aliyepigwa picha hiyo sijui wapi wala mwaka gani.

Wiki iliyofuata nikarudi pale. Kijana wa jirani alikuwa amekwisha kumwonyesha habari ile kwenye simu na kumtafsiria Kifaransa changu. Hakunikasirikia. Aliniuliza tu: «Na yale niliyokuambia, uliyapeleka wapi?»

Sikuwa na jibu. Kwa kweli hata leo ninalo nusu tu, na nusu hiyo ndiyo mhadhara wangu. Katika habari zetu kuna watu wanaonukuliwa na kuna watu wanaosimuliwa. Anayenukuliwa husema mwenyewe, na ukimpinga unapingana na maneno yake. Anayesimuliwa husemewa: alilia, alipoteza, alikimbia, anaomba msaada. Mwanamke wa huku kwetu hakosekani mtandaoni. Yupo, tena amejaa tele, ila karibu kila mara yuko upande wa pili.

Sasa hesabu. Tangu mwaka 1995, kila baada ya miaka mitano au karibu na hapo, watu wa kujitolea katika nchi nyingi huchagua siku moja, wakakaa na habari za nchi zao na kuhesabu: nani ametajwa, nani ameulizwa, ameulizwa kama nani. Mradi huo huitwa kwa kifupi GMMP. Mara ya kwanza ulihusu nchi 71, na wanawake walikuwa asilimia 17 ya watu wote waliosikika au kuandikwa katika habari. Mwaka 2015 walikuwa asilimia 24. Mwaka 2020, asilimia 25. Msichana aliyezaliwa mwaka wa hesabu ya kwanza amekwisha kuwa mzazi, na habari zimesogea hatua nane.

Wengi wetu tulidhani mtandao ungevunja ukuta huo. Gazeti lina kurasa zinazojaa, redio ina dakika zinazokwisha, lakini tovuti haijai. Mwaka 2015 wale wahesabuji wakapima pia tovuti na ujumbe wa Twitter wa vyombo vya habari. Wakapata asilimia 26. Nyumba ni mpya, waliokaa sebuleni ni wale wale.

Ila hesabu iliyonikaa moyoni ni nyingine, nayo ni ya mwaka huo huo. Katika watu walioitwa kusimulia yaliyowapata wenyewe, wanawake walikuwa 38 kati ya mia. Katika walioitwa kama wataalamu, watu wa kueleza jambo lilivyo na kwa nini limekuwa hivyo, walikuwa 19. Nusu tu. Niliposoma namba hizo nilimwona yule mama na ungo wake. Alikuwa amenipa utaalamu, nami nikauhesabu kuwa majonzi.

Kwa nini? Jibu la haraka ni kwamba waandishi ni wanaume na wanaume wana dharau. Jibu hilo halitoshi, maana mimi ni mwanamke na nilifanya hivyo hivyo. Huku kwetu ipo sababu nyingine isiyosemwa sana, nayo ni lugha.

Radio Okapi ilianza kusikika tarehe 25 Februari 2002, kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne za taifa, Kiswahili kikiwamo. Mama akisema Kiswahili redioni, anasikika yeye. Hasira yake inasikika, kicheko chake kinasikika, hata pale anapotafuta neno. Mtangazaji akitaka kumfupisha, atakata mkanda, lakini kipande kitakachobaki kitakuwa bado ni sauti ya mama. Kisha zikaja tovuti. Actualite.cd, 7SUR7.CD, na hata ukurasa wa Radio Okapi yenyewe: habari inayoandikwa huandikwa Kifaransa. Sisemi hivyo kwa kulaumu. Nchi ni kubwa, na msomaji wa Kinshasa, wa Mbuji-Mayi na wa Kalemie wanakutana kwenye Kifaransa.

Lakini tazameni kinachotokea njiani. Mkurugenzi wa ofisi anasema Kifaransa. Maneno yake hayahitaji kazi. Yananakiliwa, alama za kunukuu zinafunguliwa na kufungwa, basi. Mama anayeuza ndagala, wale dagaa wetu, anasema Kiswahili, tena Kiswahili chake cha hapa, chenye Kitabwa au Kiholoholo ndani yake. Mwandishi lazima asikie, aelewe, atafsiri, apime kama ametafsiri sawa. Betri inakwisha, mhariri anasubiri, mtandao wenyewe unakuja na kuondoka. Basi anafanya nililofanya mimi: anamwacha mkurugenzi aseme, na mama anamfupisha. Mwenye Kifaransa ananukuliwa, mwenye Kiswahili anasimuliwa. Na kwa kuwa katika vizazi vingi msichana ndiye aliyetolewa shuleni kwanza karo ilipopungua, mwenye Kiswahili peke yake mara nyingi ni mwanamke. Wapapa wavuvi wasiosoma nao wanaumia kwa kisu hicho hicho. Sikatai.

Halafu habari inarudi. Kijana anaisoma kwa Kifaransa, anaitafsiri kwa Kiswahili katika ujumbe wa sauti wa WhatsApp, inazunguka kijijini. Neno la mama limevuka mara mbili, kama ndagala aliyepakiwa hapa, akashushwa Kigoma, akapakiwa tena kurudi. Msishangae akinuka.

Jambo la pili ni mega, yaani data ya simu. Hapa hakuna anayefungua habari kumi kwa siku. Tunanunua mega kidogo kidogo, na mtu anataka zibaki za kuongea na ndugu aliye Lubumbashi. Kwa hiyo kinachotufikia katika makundi yetu ya simu ni kichwa cha habari na picha, vimepigwa picha ya skrini na kutumwa. Gazeti la karatasi lilikuja na mwili wake wote. Mtandaoni kichwa kinatembea peke yake. Kilichoandikwa chini, yaani jina la mhusika, maelezo, marekebisho, au ile aya ya mwisho ambako mama alipewa nafasi, hubaki kwenye mtambo wa mbali. Mhariri mwenye busara anajua kwamba kwa watu wa Zongwe kichwa ndicho habari. Wengi hawajui, au wanajua na wanafurahia idadi ya waliobofya.

Na vichwa vyenyewe vinaandikwaje? Nipeni ruhusa niwe mwalimu wa sarufi kwa dakika moja. Kiswahili kina herufi moja ndogo ya hatari, ile inayogeuza kitenzi kuwa cha kutendwa. Mwanamke abakwa shambani. Msichana apigwa hadi kuzimia. Mjane anyang'anywa kiwanja. Kifaransa nacho hufanya vivyo hivyo kwa njia yake. Mtendwa yuko mbele, mbele kabisa, na mtendaji hayumo. Nani amebaka? Nani amenyang'anya? Sentensi imekamilika bila yeye na hakuna anayehisi pengo. Ningependa siku moja kusoma kichwa kinachoanza na mwanamume: Shemeji amnyang'anya mjane kiwanja. Mnacheka, lakini mnajua kwa nini mnacheka.

Niseme sasa juu ya jambo ambalo nisingependa kulisema mbele ya watoto, ila watoto hao wana simu na wamekwisha kulisoma. Ukiandika jina la nchi yetu na neno mwanamke kwa Kifaransa au kwa Kiingereza katika mtambo wa kutafuta, unajua kinachokungoja. Mwezi Aprili 2010, Margot Wallström, aliyekuwa mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa juu ya ukatili wa kingono vitani, aliita Congo mji mkuu wa ubakaji duniani. Nia yake ilikuwa kuamsha waliolala. Lakini jina lile lilikuwa fupi, nalo lilitosha katika kichwa cha habari, likanata. Zimepita Pasaka nyingi na bado limenata.

Mwaka uliofuata, mwezi Mei 2011, jarida la Marekani la afya ya jamii likachapisha utafiti wa Amber Peterman, Tia Palermo na Caryn Bredenkamp. Walikuwa wamepitia mahojiano ya kitaifa yaliyofanywa majumbani mwaka 2007, wakakadiria kwamba wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliobakwa katika miezi 12 iliyotangulia mahojiano walikuwa kati ya 407,397 na 433,785. Vyombo vya habari vikachukua namba ile, vikaigawa kwa siku, vikaigawa tena kwa saa, vikapata 48. Wanawake 48 kila saa. Hicho ndicho kichwa kilichozunguka dunia, na picha zilizokisindikiza zilikuwa za msitu na bunduki.

Lakini utafiti ule ule ulikuwa na namba nyingine, kubwa zaidi. Wanawake kati ya milioni 3.07 na milioni 3.37 walisema wamefanyiwa ukatili wa kingono na waume zao au wapenzi wao. Nyumbani. Kitandani. Si msituni. Namba hiyo haikupata kichwa. Ingekuwa vigumu kuipigia picha, na isingekuwa na mwenye bunduki wa kumlaumu.

Naona wapapa mmenyamaza. Kimya hicho nakijua, nilikikuta hata katika vyumba vya habari.

Mtu asiniambie kwamba nakataa maumivu. Nina dada zangu Fizi, nina dada zangu Nyunzu. Ninachokataa ni kwamba mama aliyetendewa uovu ageuzwe kuwa sehemu ya arobaini na nane ya saa moja. Namba ikishakuwa jina lako, hakuna anayekuja kukuuliza unafikiri nini kuhusu mahakama, barabara, au mishahara ya askari isiyofika. Anakuja kukuuliza kama wewe ni mmoja wao. Na hili si jipya kwa Congo. Edward Behr, mwandishi wa habari wa Uingereza, alikipa kitabu chake cha kumbukumbu jina la swali ambalo mtu wa televisheni alilipaza miaka ya 1960, mbele ya Wazungu waliokuwa wakihamishwa kutoka nchini mwetu: je, kuna aliyebakwa hapa anayesema Kiingereza? Watu husoma jina lile wakacheka kwa uchungu. Mimi ninaposoma, sikio langu linabaki kwenye yale maneno ya mwisho. Hata maumivu yalitakiwa yawe na lugha ya mwenye kalamu.

Linganisheni na lililotokea kaskazini kwenye ziwa hili hili letu la Tanganyika. Usiku wa mwaka mpya wa 2011, askari waliokuwa chini ya Luteni Kanali Kibibi Mutware waliingia Fizi wakabaka wanawake na kupora. Mahakama ya kijeshi ikahamia Baraka, ikakaa pale, na makumi ya wanawake wakatoa ushahidi. Tarehe 21 Februari mwaka huo Kibibi akahukumiwa kifungo cha miaka 20. Ni wiki saba tu baada ya tendo. Wanawake wale hawakusimuliwa na mtu. Neno lao liliandikwa katika jalada la mahakama, likapimwa, likamfunga mkuu wa kikosi. Miezi mitatu baadaye dunia ikaletewa zile 48 kwa saa. Nawaulizeni ni ipi kati ya habari hizo mbili iliyowafikia ninyi.

Kuna mlango mmoja ambako mwanamke huingia kwenye habari bila machozi. Ni mlango wa «wa kwanza». Tarehe 1 Aprili 2024 Judith Suminwa Tuluka aliteuliwa Waziri Mkuu, na vichwa vyote, vya hapa na vya ng'ambo, vilisema mwanamke wa kwanza. Ni kweli na ni haki kusemwa. Lakini mama yule ni mchumi, alikuwa Waziri wa Mipango tangu mwaka 2023, na mtu aliyesoma kichwa tu alibaki hajui hayo. Ilikuwa hivyo mwaka 1966 kwa Sophie Kanza alipoingia serikalini. Karibu miaka sitini imepita, na bado tunashangaa vile vile.

Kiswahili kilitupa zawadi ambayo tunaitupa. Hakina yeye wa kike na yeye wa kiume. Waziri ni waziri, gavana ni gavana, daktari amefika, sijui amevaa suruali au kitenge. Ili nijue, lazima mwandishi aongeze neno kwa makusudi, na huliongeza upande mmoja tu: waziri mwanamke. Nani amewahi kusoma waziri mwanamume?

Hapa mkoani Tanganyika tulikuwa na nafasi nzuri ya kuzoea. Mwezi Mei 2022 Julie Ngungwa Mwayuma alichaguliwa gavana wetu. Mwezi huo huo Isabelle Yumba akachaguliwa Haut-Lomami, na Fifi Masuka alikuwa tayari anashikilia Lualaba. Katanga ya zamani ilikatwa mikoa minne mwaka 2015, na kwa wakati ule mitatu kati ya hiyo minne iliongozwa na wanawake. Hebu fikirini hilo! Siku ya kwanza, ndiyo, habari ni kwamba gavana ni mwanamke. Siku ya mia moja habari ni barabara, ni ziwa lililopanda likaingia katika nyumba za watu, ni walimu wasiolipwa. Gavana mwanamke anastahili kulaumiwa kwa barabara mbovu sawasawa na gavana mwanamume, bila mtu kutaja mavazi yake wala kuuliza mume wake ni nani. Kumsifu kwa kuwa mwanamke na kumtukana kwa kuwa mwanamke ni njia mbili za kutoangalia kazi yake.

Sheria zipo, nitazipitia mbio. Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2006 kinadai usawa wa wanawake na wanaume katika vyombo vya nchi. Sheria ya tarehe 1 Agosti 2015 inaeleza utekelezaji wake. Amri yenye nguvu ya sheria ya tarehe 13 Machi 2023 juu ya uhuru wa vyombo vya habari inavitambua pia vyombo vya mtandaoni. Nzuri zote. Hakuna hata moja inayoweza kumlazimisha mwandishi ampigie simu mama badala ya mkurugenzi.

Vyombo vingine vimejaribu kwa njia yao. Actualite.cd ina sehemu iitwayo Desk Femme, inayofuatilia habari za wanawake mwaka mzima, na nimesoma humo kazi nzuri. Hata hivyo nina wasiwasi mmoja. Nyumba ikiwa na chumba maalumu cha wamama, mimi huuliza nani amekaa sebuleni. Ni kama mwezi wetu wa Machi. Machi nzima simu za waandishi wanawake hazitulii: njoo useme, njoo uandike, kitenge cha tarehe 8, Siku ya Wanawake, kimefika sokoni. Aprili mosi tunarudi kuwa watu wa kuleta chai kwenye mkutano na waandishi. Mwaka mmoja niliomba kuandika juu ya bajeti ya mkoa mwezi wa Machi. Mhariri alidhani ninatania.

Wapo waliofungua njia wenyewe. Solange Lusiku aliongoza gazeti la Le Souverain kule Bukavu tangu mwaka 2007, akapata tuzo ya kimataifa ya ujasiri katika uandishi mwaka 2014, akatuacha Oktoba 2018. Alisifiwa kwa ujasiri, na ujasiri alikuwa nao. Mimi ningependa tumkumbuke kama mhariri, maana kazi yake ilikuwa kuamua nini ni habari. Chouchou Namegabe na wenzake walianzisha AFEM, chama cha wanawake wa habari wa Kivu Kusini, mwaka 2003, wakawapa kipaza sauti wanawake wa vijijini waseme kwa lugha zao. Ng'ambo ya ziwa, Watanzania walikuwa wameanzisha TAMWA mwaka 1987. Wote hao, utaona, walianza na jambo moja: kumwacha mwanamke amalize sentensi yake.

Nirudi ziwani, maana ndiko mnakokujua kuliko mimi.

Mwaka 2003 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti juu ya ziwa hili. Aliyeongoza watafiti ni mwanamke, Catherine O'Reilly. Walichimba tope la chini ya ziwa, wakasoma tabaka zake, wakasema kwamba kwa sababu maji yamepata joto na upepo umepungua, chakula cha chini hakipandi tena juu kama zamani. Uzalishaji wa ziwa umeshuka kwa karibu asilimia 20, na samaki huenda wamepungua kwa karibu asilimia 30. Huyo ni mwanamke aliyenukuliwa, na dunia nzima ilimnukuu.

Mwaka 2024, katika mpango uliokubaliwa na nchi nne zinazolizunguka ziwa, Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaane. Habari kama hiyo inaandikwaje? Waziri anatangaza. Mtaalamu anaeleza. Mvuvi analalamika, amesimama karibu na mtumbwi, picha inapendeza. Na mama anayeanika ndagala mchangani? Kama yumo, yumo chini kabisa: mjane anayehofia watoto wake watakula nini.

Lakini mama huyo ndiye anayemwona ndagala kila asubuhi, akimmwaga na kumgeuza kwa mkono. Anajua mwaka gani walianza kuwa wadogo. Anajua mwezi gani samaki aina ya mikebuka hawakuja. Anajua nyavu zipi zinaleta watoto wa samaki, kwa sababu ni yeye anayewatenga, na anajua ni papa gani hapa anayezitumia usiku. Anajua bei ya beseni ilipanda lini na nani aliyanunua mabeseni yote kwa mkupuo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. O'Reilly alisoma tope. Huyu anasoma beseni. Mwandishi anayefika hapa akamuuliza mama huyo habari za njaa tu, amekanyaga maktaba akienda kutafuta kilio.

Na ninyi wamama, nawaambia hili bila kuwapaka mafuta: mara nyingi tunasaidia kosa hili. Mwandishi akija tunamwita papa atoke aseme. Akituuliza kuhusu nyavu tunasema waulizeni wanaume. Akituuliza kuhusu shida, maneno yanamiminika. Tumejifunza ni mlango upi ulio wazi, tukaupita huo, kwa sababu nyuma ya mlango wa shida wakati mwingine kuna gunia la mchele. Siwalaumu, nami ningefanya hivyo. Ila tujue kwamba tunalipa.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Mwandishi atakuja, maana ziwa litafurika tena au mtumbwi utazama tena. Atakuwa kijana, mwenye simu nzuri na haraka. Mpeni kiti. Mkimaliza kuzungumza, msimwache aondoke na daftari lililofungwa. Mwambieni: mwanangu, tusomee kwa Kiswahili ulichoandika kwamba sisi tumesema. Kama ameandika mlivyolia tu, na mlimweleza juu ya nyavu, mrudisheni mwanzo. Akisema hana muda, msimpe majina yenu wala picha zenu. Akisoma mkasikia ni ninyi, mpeni namba ya simu, ili kesho akitaka kujua habari za ndagala awapigie ninyi kabla ya kumpigia mkurugenzi.